Theluthi ya Mjane: Kusoma Haki ya Mke Katika Hati za Zamani za Ardhi

Sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma barua, kibao cha zahanati na tangazo la mkutano wa kijiji. Leo tutajifunza kusoma karatasi ya aina nyingine. Karatasi hiyo ni hati ya ardhi.

Hati ya ardhi ni karatasi inayosema shamba ni la nani, liko wapi, na limetoka mkononi mwa nani. Hati ikitunzwa vizuri hukaa miaka mingi kuliko watu walioiandika. Wao hufa, hati hubaki. Kwa hiyo hati ya zamani ni kama mzee wa ukoo. Ukijua kuiuliza, itakujibu.

Katika somo hili tutakwenda mbali kidogo, mpaka Uingereza na Marekani. Huko watu wengi hutafuta nasaba zao. Wanataka kujua babu wa babu yao alikuwa nani, na bibi wa bibi yao alikuwa nani. Kumpata babu si kazi kubwa sana. Jina lake limo katika daftari la kodi, katika orodha ya askari na katika hati za mashamba. Kazi ni kumpata bibi. Mara nyingi yeye huitwa tu "mke wa fulani", au hatajwi kabisa.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo jina la bibi liliandikwa mara kwa mara. Liliandikwa katika hati, siku mumewe alipouza shamba. Kwa nini liliandikwa? Tusome pole pole.

1. SHERIA YENYEWE

Hapo zamani, katika sheria ya Uingereza, mwanamke alipoolewa alipoteza nguvu nyingi juu ya mali. Fedha na vyombo alivyokuja navyo vilikuwa vya mumewe. Kama alikuwa na shamba lake, mume ndiye aliyelisimamia na kula mapato yake. Mke hakuweza kufanya mkataba peke yake. Hakuweza kushitaki peke yake. Mbele ya sheria mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na aliyesikilizwa alikuwa mume.

Mume akifa, ardhi yake ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Je, mjane angeishi kwa nini? Kama mrithi alikuwa mtoto wa mke mwingine, au mtu asiye na huruma, mjane angeweza kufukuzwa.

Kwa sababu hiyo sheria ilimwekea mjane fungu lake. Waingereza waliliita fungu hilo kwa neno "dower". Sisi katika somo hili tutaliita theluthi ya mjane. Theluthi ni fungu moja katika mafungu matatu yaliyo sawa. Kama mume aliacha ekari 90, theluthi ya mjane ilikuwa ekari 30.

Sheria hii ni ya zamani sana. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alikubali mkataba mkubwa, uitwao Magna Carta. Mkataba huo ulisema kwamba mjane aweza kukaa katika nyumba ya mumewe siku 40 baada ya kifo, na katika siku hizo apewe fungu lake. Mkataba ulipotolewa upya mwaka 1217, uliongezwa kwamba fungu hilo ni theluthi ya ardhi ya mumewe. Waingereza walipohamia Marekani na kuanzisha makoloni yao huko, walikwenda na sheria hiyo.

Shika mambo matatu kuhusu theluthi ya mjane:

(a) Ilikuwa fungu moja katika matatu ya ardhi ya mume.

(b) Ilikuwa ya maisha yake tu. Mjane alilima, alivuna, aliweza hata kukodisha. Lakini hakuweza kuiuza moja kwa moja, wala kuiandika katika wosia wake. Alipokufa, ardhi ilirudi kwa warithi wa mumewe.

(c) Ilishika ardhi yoyote aliyopata kuwa nayo mume wakati wa ndoa, hata ile aliyokwisha kuiuza.

Jambo hili la tatu ndilo la maana kuliko yote katika somo letu.

Usichanganye theluthi ya mjane na mahari. Kwetu mahari hutolewa wakati wa kuoa. Theluthi ya mjane ilikuwa haki inayongoja. Ililala kimya miaka yote ya ndoa, ikaamka siku mume alipokufa.

2. KWA NINI JINA LA MKE LILIANDIKWA

Tuchukue mfano. Tuseme mtu mmoja, John, ana mke aitwaye Mary. John anauza shamba kwa jirani. Jirani analipa fedha, analima, anajenga nyumba, anapanda miti ya matunda. Baada ya miaka kumi John anakufa. Mary anakuja kwa jirani na kusema, "Nataka theluthi yangu katika shamba hili. Mume wangu aliuza haki yake. Haki yangu mimi hakuiuza."

Kwa sheria ile, Mary alikuwa na haki. Jirani angempa.

Kwa hiyo wanunuzi waliogopa. Mnunuzi mwenye akili hakutoa fedha zake kabla mke hajasema mbele ya watu kwamba anaiachilia theluthi yake katika shamba hilo. Maneno hayo yaliandikwa ndani ya hati, au chini yake. Na ili yaandikwe, ilibidi jina la mke litajwe.

Tazama basi jambo la ajabu. Wanawake hao hawakutajwa kwa heshima. Walitajwa kwa sababu mnunuzi aliogopa kupoteza fedha zake. Lakini leo wajukuu wanashukuru, kwa maana mara nyingi hakuna mahali pengine jina hilo lilipobaki.

3. MKE AULIZWA PEKE YAKE

Watunga sheria walijua kwamba mume aweza kumlazimisha mke. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za Marekani iliwekwa kanuni. Hakimu au ofisa wa mahakama alimwita mke kando, mbali na mumewe. Alimsomea hati na kumweleza maana yake. Kisha alimuuliza kama anakubali kwa hiari yake, bila kutishwa na mumewe. Akikubali, ofisa aliandika hivyo katika hati na kuweka tarehe.

Je, kanuni hiyo ilimlinda mke kweli? Pengine ilimlinda, pengine hapana. Mke aliulizwa peke yake kwa dakika chache, lakini jioni alirudi nyumbani kwa mume yule yule. Mwanamke aliyesema "sikubali" alihitaji moyo mkuu.

Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma wala kuandika. Hawakuweza kutia sahihi. Waliweka alama, mara nyingi mkasi kama herufi X. Karani aliandika jina upande huu na upande huu wa alama, kuonyesha kwamba hiyo ni alama ya mwanamke fulani.

Ndugu msomaji, ifikirie alama hiyo. Mwanamke alisomewa karatasi na mtu mwingine. Aliamini aliyoambiwa. Akaweka alama, na theluthi yake ikaondoka. Kama yaliyosomwa hayakuwa yale yaliyoandikwa, angejuaje?

4. JINSI YA KUSOMA HATI YA ZAMANI

Marekani, hati nyingi zilipelekwa katika ofisi ya wilaya. Huko karani aliinakili kila hati katika daftari kubwa. Mbele au nyuma ya daftari kuna orodha ya majina ya wauzaji na wanunuzi. Mtu anayetafuta ukoo wake huanza na orodha hiyo. Alama ya X anayoiona katika daftari kwa kawaida imeandikwa na karani, siyo na mkono wa mama mwenyewe, kwa sababu daftari ni nakala.

Akiipata hati, hujiuliza maswali haya:

Kwanza: Mke ametajwa? Akitajwa, tunajua kwamba siku ile mwanamume huyo alikuwa ameoa, na kwamba mkewe alikuwa hai. Jina la ubatizo huandikwa, lakini jina la ukoo wa baba yake mara nyingi halipo.

Pili: Jina la mke limebadilika? Tuseme mwaka 1790 hati inasema John na mkewe Mary. Mwaka 1801 hati nyingine inasema John na mkewe Sarah. Huenda Mary alikufa kati ya miaka hiyo, na John akaoa tena. Kwa hiyo watoto waliozaliwa kabla ya 1790 huenda si wa Sarah. Lakini angalia vizuri. Huenda pia ni watu wawili tofauti wenye jina moja la John.

Tatu: Mke hakutajwa? Usikate neno haraka. Pengine mwanamume alikuwa hajaoa. Pengine mkewe alikuwa amekufa. Au mke alikuja kuachilia haki yake baadaye, na maneno yake yako katika ukurasa mwingine. Tafuta mbele.

Nne: Mjane alipimiwa theluthi yake? Mahakama iliweza kutuma watu kwenda kupima. Karatasi zao zilieleza mambo mengi: mashamba gani ni ya mjane, vyumba gani vya nyumba, njia ipi atapita kwenda kisimani. Mrithi na mjane waliweza kugawana nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Ukisoma karatasi hiyo unaiona nyumba ya mababu kana kwamba umesimama uani.

Tano: Kipande cha mjane kiligawanywa au kuuzwa lini na warithi? Mara nyingi jambo hilo lilifanyika baada ya mjane kufa. Kwa hiyo tarehe hiyo hutusaidia kukisia wakati wa kifo chake, hata kama kaburi lake halijulikani.

Sita: Kuna hati ya warithi wengi? Baba akifa, watoto waliweza kuuza shamba pamoja. Hapo mabinti walioolewa hutajwa na waume zao. Hati hiyo huunganisha binti na ukoo wa baba yake. Kwa mtafuta nasaba, hati moja ya namna hii ni mali kubwa.

5. THELUTHI ILIYOKUWA YA WATU

Sasa tusome habari ya huzuni. Katika koloni la Virginia, mjane hakupewa theluthi ya ardhi tu. Alipewa pia kutumia theluthi ya watumwa wa mumewe kwa maisha yake yote. Yaani, watu waliotoka Afrika na watoto wao waligawanywa pamoja na mashamba.

Mwaka 1757 alikufa tajiri mmoja wa Virginia, Daniel Parke Custis. Hakuacha wosia. Mjane wake, Martha, alipata theluthi yake. Mwaka 1759 Martha aliolewa na George Washington, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Marekani. Watumwa wa theluthi ya Martha walihamia katika shamba la Washington liitwalo Mount Vernon.

Miaka ikapita. Watu wa theluthi na watumwa wa Washington mwenyewe walioana na kuzaa watoto. Mtoto alimfuata mama yake. Kama mama alikuwa wa theluthi, mtoto naye alikuwa wa theluthi.

Mwaka 1799 Washington aliandika orodha ya watumwa wote wa Mount Vernon. Walikuwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake, na 153 walikuwa wa theluthi. Katika wosia wake aliagiza watumwa wake waachwe huru. Alikufa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na watu wake waliachwa huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini wale 153 hakuwa na uwezo wa kisheria wa kuwaacha huru. Theluthi ilikuwa ya maisha ya Martha tu. Martha alipokufa mwaka 1802, watu hao waligawanywa kwa wajukuu wake, warithi wa Custis.

Fikiri maana yake. Baba aliweza kuwa huru, na mke na watoto wake wakabaki utumwani. Jamaa zilivunjika kwa sababu ya hesabu ya moja katika tatu.

Leo Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika hutafuta majina ya wazee wao. Mara nyingi huyapata katika karatasi hizi hizi za mirathi na theluthi. Watumwa waliandikwa humo kama mali, pamoja na ng'ombe na vyombo. Ni karatasi chungu kusoma. Lakini jina la mama, umri wake na watoto wake vimo humo. Mjukuu hulichukua jina hilo na kulirudisha katika ukoo.

6. MWISHO WA THELUTHI

Sheria hazikai daima. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1833 iliyomwezesha mume kuiondoa theluthi kwa hati au kwa wosia. Mwaka 1925 sheria nyingine iliifuta kabisa. Wanawake walioolewa walikuwa wamekwisha kupata haki ya kumiliki mali yao wenyewe kwa Sheria ya mwaka 1882.

Marekani kila jimbo lilikwenda njia yake. Majimbo mengi yaliifuta na kumpa mjane haki ya namna nyingine. Jimbo la Michigan liliifuta mwaka 2017 tu. Katika majimbo machache, kama vile Ohio, theluthi ingalipo. Huko hata leo mume au mke hutia sahihi mwenzake anapouza ardhi.

7. SOMO LINATUHUSU NINI SISI?

Utasema, "Hayo ni ya Wazungu. Yananihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu yangu. Na wewe una shamba. Na wewe ni mume au mke, mtoto au mzazi wa mtu.

Tanzania tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inasema mke aweza kumiliki mali yake sawa na mume. Inasema pia kwamba mume au mke haruhusiwi kuiuza nyumba wanamoishi, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani, bila idhini ya mwenzake. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Zinatambua pia jasho la mwenzi aliyelima na kulitunza shamba, hata kama jina lililoandikwa ni la mwenzake. Hati ya hakimiliki ya kimila ya kijiji yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja.

Ndugu zetu Waislamu nao wanajua fungu la mjane katika mirathi: thumni, yaani moja katika nane, kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Tofauti ni hii: fungu hilo ni mali yake kabisa, siyo ya kutumia kwa maisha yake tu.

Kwa hiyo fanya mambo haya:

Usiweke sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma. Isome yote, polepole. Kama neno ni gumu, uliza. Kama aliyeileta anasema hakuna haja ya kusoma, hapo ndipo hasa penye haja.

Mnapoandikisha shamba, andikeni majina ya mume na mke. Jina la mama liandikwe kamili: jina lake, la baba yake na la babu yake. Usiandike "mke wa fulani" tu.

Hati iwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa na panya. Watu wawili au watatu wa nyumba wajue iko wapi. Weka nakala kwa mtu unayemwamini.

Mwisho, chukua daftari uandike nasaba yako. Niliwahi kuwauliza wanakisomo darasani wataje majina ya babu zao. Walitaja mpaka babu wa nne. Nilipowauliza majina ya bibi, wengi walinyamaza kwa bibi wa pili. Mama mmoja alisema, "Tulimwita Bibi tu." Basi waulize wazee wako wangali hai. Andika jina la bibi, kijiji alikotoka, na shamba alilolima. Wamarekani wanatafuta majina ya bibi zao katika karatasi za miaka mia mbili. Wewe unaweza kuliandika la bibi yako leo jioni.

MANENO MAPYA

Hati: karatasi ya sheria yenye kuonyesha haki ya mtu.
Theluthi: fungu moja katika matatu.
Nasaba: mfuatano wa wazee katika ukoo.
Kuachilia haki: kukubali kutoidai tena.
Wosia: maagizo ya mtu kuhusu mali yake baada ya kufa.
Rehani: mali inayowekwa kama dhamana ya mkopo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mume aliacha ekari 24. Theluthi ya mjane ilikuwa ekari ngapi?
2. Kwa nini mnunuzi wa shamba alitaka mke naye akubali?
3. Je, kumuuliza mke peke yake kunatosha kumlinda? Toeni sababu.
4. Kwa nini Washington hakuweza kuwaacha huru watu wa theluthi?
5. Katika kijiji chenu, hati ngapi zina majina ya mume na mke? Mfanye nini ili ziongezeke?
6. Kila mwanakisomo aandike majina ya bibi zake wawili na ya mama zao. Usiyemjua, kamuulize mzee, ulete jibu katika somo lijalo.